Faili za tovuti hukaa wapi? Dhana potofu tunazotoka nazo kwenye XAMPP

Wengi wetu huku Kisumu na Nakuru tulijifunzia kazi hii kwenye laptopu ya Windows, XAMPP (kifurushi chenye Apache cha kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako) ikiwa imewekwa na rafiki, na sharti moja kichwani: kila kitu kiingie C:\xampp\htdocs. Siku mteja anapolipia seva ya kukodi yenye Ubuntu, aina ya Linux, sharti hilo hubadilika jina tu. Linakuwa /var/www/html, na tunaendelea kuliheshimu kama tangazo la chifu. Kazi nyingi ninazoitiwa, kuanzia duka la vipuri Nakuru hadi maabara ya shule Kakamega, chanzo chake ni hapo.

Dhana: "Apache inasoma /var/www/html tu"

Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti, haiijui folda hiyo mpaka iambiwe. Kinachoiambia ni agizo la DocumentRoot, na mara nyingi agizo hilo limeandikwa na waliofungasha programu kwa ajili ya mfumo fulani, si na waliotunga Apache yenyewe. Ukiijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, faili zitatafutwa /usr/local/apache2/htdocs, na ndivyo ilivyo pia ndani ya kontena rasmi ya Docker (programu iliyofungashwa ijitegemee). Kwenye Debian na Ubuntu ni /var/www/html, mipangilio ikiwa /etc/apache2. Kwenye Rocky na AlmaLinux, ambazo pia ni Linux, folda ya tovuti ni hiyohiyo, ila mipangilio iko /etc/httpd, logi ziko /var/log/httpd, na mtumiaji anayeendesha kazi anaitwa apache badala ya www-data.

Nginx, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ina vituko zaidi. Ukiichukua kutoka hazina ya Ubuntu, inasoma /var/www/html. Ukiichukua kwa wenyewe, nginx.org, inasoma /usr/share/nginx/html. Folda hii ya pili ni mali ya kifurushi, kwa hiyo ukihariri index.html iliyomo humo, sasisho linaweza kuja kuifuta kazi yako bila kukuuliza.

Hata Debian yenyewe ilihama. Toleo la 7 lilitumia /var/www, na kuanzia la 8 ikawa /var/www/html. Mwongozo wa zamani uliourithi kutoka kwa kaka yako bado utakutuma kule kwa awali.

Basi usikisie, iulize seva. Amri apache2ctl -S hutaja folda kuu, kisha kila tovuti iliyowashwa pamoja na faili na mstari ilipoandikwa. Kwa upande wa Nginx, nginx -T humwaga mipangilio yote kwenye skrini. Inachukua muda mfupi kuliko kumpigia mtu simu.

Dhana: "Nikibadilisha DocumentRoot nimemaliza"

Hapa ndipo watu hupoteza usiku mzima, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua maabara ya shule isiyo na intaneti ya kutegemewa. Kompyuta moja imefanywa seva ya ndani, ina diski ndogo ya mfumo, na video za masomo pamoja na mitihani ya KCSE ya miaka iliyopita viko kwenye diski kubwa ya nje. Mwalimu anachomeka diski, inajifungua yenyewe kwenye /media/mwalimu/MASOMO, anaandika njia hiyo kwenye DocumentRoot, anawasha upya Apache. Jibu: 403, yaani umekatazwa kuingia. Anarudi kwenye mipangilio, haoni kosa. Kweli, mstari ule hauna kosa.

DocumentRoot husema faili ziko wapi. Haisemi kwamba ni ruhusa kuzitoa. Katika apache2.conf ya Ubuntu, mfumo mzima wa faili umefungwa kwa Require all denied, kisha /usr/share na /var/www zimefunguliwa. Ukihamia kwingine, ni juu yako kuandika kipande cha Directory cha folda mpya chenye Require all granted. Ukiona mtu anakushauri uandike Order allow,deny, ujue anakusomea ya Apache 2.2, toleo la 2.4 lilitoka mwaka 2012.

Halafu kuna ruhusa za Linux zenyewe, na hizi hazitazami folda ya mwisho pekee. Mgeni akikuta lango la boma limefungwa, mlango wa nyumba kuwa wazi haumsaidii kitu. Mtumiaji www-data anahitaji ruhusa ya kupita, ile herufi x, kwenye kila folda iliyoko njiani. Folda ya /media/mwalimu hutengenezwa kwa ajili ya yule aliyeingia kwenye kompyuta, wengine hawapiti. Kadhalika /home: tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya hupewa ruhusa 750 (wengine hawapiti), wakati zamani ilikuwa 755 (wote wanapita). Ndiyo sababu tovuti ya mwanafunzi iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kutoka /home inakufa anapohamia mashine mpya, na yeye anaapa hajagusa kitu. Andika namei -l ukifuatisha njia nzima, na utaona folda moja baada ya nyingine pamoja na ruhusa zake.

Uzuri ni kwamba logi ya makosa hutofautisha mambo haya mawili. Ukikuta AH01630, client denied by server configuration, tatizo ni kipande cha Directory. Ukikuta AH00035, ikilalamika kwamba search permissions are missing, basi kuna folda njiani isiyopitika. Watu wengi hawafungui /var/log/apache2/error.log hata mara moja, wanabaki kubahatisha kwenye kivinjari.

Kubahatisha huko huzaa chmod -R 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye folda na vilivyomo. Mimi mwongozo wowote wenye mstari huo huufunga papo hapo. Kwanza, mara nyingi hautibu: ukiipa 777 folda ya ndani, folda ya juu bado imefungwa. Pili, ukitibu, umempa kila mtumiaji na kila programu kwenye mashine ruhusa ya kuandika ndani ya tovuti yako, ikiwemo programu-jalizi ya WordPress yenye tundu. Kwa kurasa za kawaida, 755 kwa folda na 644 kwa faili zinatosha. Uandishi uruhusiwe pale tu panapopokea faili za watumiaji.

Tatu, kwenye ile diski ya shule, chmod haifanyi lolote. Diski za kununuliwa dukani aghalabu huwa zimeumbizwa kwa exFAT, mpangilio wa faili ambao haihifadhi ruhusa za Linux kabisa. Ruhusa huamuliwa wakati wa kuipachika. Dawa ni kuacha kutegemea /media. Ipachike diski kupitia /etc/fstab (faili inayoorodhesha diski za kupachikwa) kwenye mahali pa kudumu, mathalani /srv/masomo, ukitaja uid, gid na umask (mmiliki, kundi na ruhusa) zinazofaa. Ongeza na nofail, ili umeme ukirudi na diski haijachomekwa, kompyuta iwake hivyohivyo badala ya kugoma. Nimetaja /srv kwa makusudi: mpangilio wa kawaida wa folda za Linux umeitenga kwa data inayotolewa na mashine, ingawa hakuna anayekulazimisha.

Walio kwenye Rocky au AlmaLinux wana tabaka moja zaidi, SELinux, ulinzi unaofuata lebo za faili. Ruhusa zote zinaweza kuwa sawa na bado ukapata 403, kwa sababu folda haina lebo ya httpd_sys_content_t. Mtego unaowanasa wengi ni kupakia faili kwenye /home kisha kuzihamisha kwa mv: lebo ya zamani inasafiri nazo. Ukinakili kwa cp, zinachukua lebo ya pale zinapofikia. Kwa folda mpya, sajili lebo kwa semanage fcontext, kisha endesha restorecon -Rv. Kuizima SELinux kwa sababu ya folda moja ni uvivu tu.

Dhana: "Faili isiyo na kiungo haionekani na mtu"

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Fundi anahamisha mfumo wa chama cha akiba, anatengeneza bekapu.zip au db.sql, na kwa kuwa anataka kuipakua haraka, anaiweka humo humo ndani ya folda ya tovuti. Baadaye anaisahau. Kilichoko ndani ya folda hiyo ni cha umma, kiwe na kiungo au kisiwe nacho, na kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu majina ya aina hiyo. Zinajaribu pia .env (faili ya mipangilio yenye nywila) na .git (historia ya msimbo). Kuiandika njia ya bekapu kwenye robots.txt, faili ya wazi ya kuelekeza injini za utafutaji, ili isionekane ni kuwaonyesha kidole ilipo.

Kwa hiyo folda ya kutolewa iwe ndogo iwezekanavyo. Laravel, mfumo wa kuundia tovuti kwa PHP, imelipanga jambo hili vizuri: unaielekeza seva kwenye folda ya public, na .env inabaki ngazi moja juu, seva isikofika. Lakini nimekuta miradi mingi imepakiwa mizima ndani ya public_html, nywila ya hifadhidata ikisomeka kwa yeyote. Ikiwa zilizovuja ni namba za simu na vitambulisho vya wanachama, suala si la ufundi tena. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia data hizo amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu, pale panapokuwa na hatari ya kweli kwa wahusika.

Dhana: "Kwenye Nginx, root na alias ni kitu kimoja"

Si kimoja. Tuseme mtu anaomba /picha/kiti.jpg. Ndani ya kipande cha location /picha/, ukiandika root /srv/duka, Nginx huunganisha anwani na njia, ikatafuta /srv/duka/picha/kiti.jpg. Ukiandika alias /srv/duka/kubwa/, sehemu ya /picha/ huondolewa na kuwekwa njia hiyo, ikatafuta /srv/duka/kubwa/kiti.jpg. Kuwa mwangalifu na mkwaju (/) wa mwisho. Ukiandika location /picha bila mkwaju, kisha alias yenye mkwaju, mtu anaweza kuomba /picha../ akapanda hadi /srv/duka na kuchota visivyomhusu.

Ndogondogo

"Nitahamisha folda kuu kwa .htaccess." Haiwezekani: .htaccess ni faili ya mipangilio inayokaa ndani ya folda, na DocumentRoot haikubaliki humo. Na kwa chaguo-msingi la Apache 2.4, AllowOverride ni None, kwa hiyo .htaccess huenda haisomwi kabisa.

"Lazima niwashe upya seva nzima." La. Jaribu mipangilio kwanza kwa apachectl configtest au nginx -t, kisha reload, yaani isome mipangilio upya bila kuzimwa. Mteja anayelipia bidhaa muda huo hatatupwa nje.

"Domeni yangu inafungua tovuti ya mtu mwingine, nimedukuliwa." Mara nyingi hapana. Jina lisipolingana na tovuti yoyote, Apache hutoa ile iliyosomwa kwanza, nayo hufuata mpangilio wa alfabeti. Ndiyo maana ile ya Ubuntu inaitwa 000-default.conf. Kagua ServerName, halafu uone kama uliiwasha tovuti yako kwa amri a2ensite.

"Picha zilionekana kwenye laptopu, zimepotea kwenye seva." Zipo. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali: Nembo.JPG na nembo.jpg ni faili mbili. Badilisha majina yote yawe herufi ndogo kabla ya kupakia.