Je, wajua kwa nini simu haiwezi kupimwa ikasema madini yake yalichimbwa wapi?

Siku moja nilikaa pembeni ya meza ya fundi mmoja Kariakoo akifungua kompyuta mpakato ya zamani. Kwa kibano akaninyanyulia kidude cha njano, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari upande mmoja. "Kapasita ya tantalamu hii," akasema, yaani kifaa cha kutunza umeme kidogo, kilichotengenezwa kwa metali iitwayo tantalamu. "Huo mstari ndiyo chanya." Nikamwuliza: tukiipeleka maabara nzuri, si watatuambia ilitoka shimo gani? Akasema huenda. Mimi nilikuwa na hakika. Niliamini hata kwamba kampuni zinazosema hazijui asili ya madini yao zinaficha tu, maana kupima zinaweza.

Nilikosea. Na kwa kuwa kosa hili nimelisikia kwa watu wengi tangu hapo, tulifuate polepole.

Tukifikiria madini ya simu tunaona shimo Kongo upande huu, kiwanda cha simu upande ule, na lori katikati. Lakini kampuni yenye nembo mgongoni mwa simu kwa kawaida hainunui jiwe hata moja. Inanunua simu iliyounganishwa na kiwanda kingine. Kiwanda hicho kimenunua bodi kwa mwingine, aliyenunua kapasita kwa mwingine, aliyenunua unga wa tantalamu kwa mchenjuaji, yaani mwenye kiwanda cha kusafisha madini. Mchenjuaji ndiye aliyenunua mchanga mweusi kwa msafirishaji, ambaye aliupata kwa wachuuzi, nao kwa wachimbaji wadogo wenye sururu na karai. Ukiuliza "yalitoka wapi?", swali linapita mikono saba au minane, na kila mkono unamjua jirani yake tu. Nilidhani maabara ingeruka mikono yote hiyo. Kumbe inakwama kwenye mkono mmoja, ule wa mchenjuaji.

Mchanga huo mweusi, mzito ajabu ukiubeba kiganjani, ndio koltani, nao una tantalamu na niobiamu ndani yake. Tantalamu ni mojawapo ya madini manne yanayohusika na kifungu cha 1502 cha sheria ya Marekani ya Dodd-Frank ya mwaka 2010. Mengine ni bati, ambalo ndilo lehemu, tangsteni, na dhahabu. Kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani zinapaswa kueleza kama madini hayo yametoka Kongo au kwa majirani zake, Tanzania ikiwamo. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza kanuni yake mwaka 2021. Kobalti ya betri haimo katika yale manne. Huchimbwa mbali kusini, upande wa Kolwezi, na shida zake ni nyingine.

Sasa tuingie kiwandani. Koltani huyeyushwa kwa asidi kali ya hidrofloriki, tantalamu ikatenganishwa na niobiamu, ikageuzwa chumvi nyeupe, kisha sodiamu ikaifanya unga wa metali. Ili uone kinachopotea hapo, weka sufuria mbili jikoni. Moja ina maji ya kisima cha chumvi, nyingine maji ya bomba. Yaonje: hata mtoto atakwambia yapi ni yapi. Yachemshe, ukinge matone ya mvuke kwenye vikombe viwili, uonje tena. Hakuna tofauti. Kumbe kilichokuambia "hiki ni kisima" hakikuwa maji. Ilikuwa chumvi na matope yaliyochanganyika nayo, na vyote vimebaki chini ya sufuria.

Koltani ni vivyo hivyo. Kinacholitambulisha shimo ni uchafu: urani kidogo, risasi, titani, na vingine kwa viwango vinavyotofautiana mahali hadi mahali. Kazi nzima ya mchenjuaji ni kuuondoa uchafu huo. Kadiri tantalamu inavyofaa kwa kapasita ndivyo inavyosahau kwao. Tena sufuria si mbili: mizigo ya nchi mbalimbali humiminwa katika mtambo mmoja.

Mwenye kemia yake atauliza kuhusu isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, na ni swali zuri, kwa sababu hapa pana jambo la kushangaza. Bati lina isotopu thabiti 10, na hakuna elementi inayolishinda. Risasi nayo huwa na uwiano wa isotopu unaobadilika kutoka mgodi hadi mgodi. Lakini tantalamu ya asili, zaidi ya asilimia 99.98 ni isotopu moja tu. Ni kama kijiji ambacho kila mtu anaitwa Juma: kuuliza jina hakukusaidii.

Basi kama ni kupima, ni kabla ya kiwanda, mchanga ukiwa bado mchanga. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, ilibuni njia ya "alama za vidole" za madini. Chembe hupimwa moja moja, umri wake na uchafu wake, kisha hulinganishwa na sampuli zilizochukuliwa kwenye mashimo yanayojulikana. Hata hivyo njia hiyo hukagua dai tu: umesema mzigo ni wa shimo fulani, je, unafanana? Nayo ina kikwazo chenye jina la kwetu. Wanajiolojia huuita mkanda huo wa miamba Karagwe-Ankole. Unapita Kagera, kusini-magharibi mwa Uganda, Rwanda na Burundi hadi Kivu, na bati la Kyerwa ni la mkanda huohuo. Madini yake mengi yana umri unaokaribiana, takriban miaka bilioni moja, hivyo kutenganisha ya upande huu wa mpaka na ya upande ule ni kazi ngumu.

Kinachobaki ni lebo: kipande cha plastiki chenye namba, kinachofungwa shingoni mwa gunia machimboni, na kingine kwa mnunuzi. Mpango mkubwa wa lebo hizo, ITSCI, umekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya sheria ya Marekani. Udhaifu wake unauona ukilitazama gunia lenyewe. Lebo imefungwa kwenye gunia, haikufungwa kwenye mchanga. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba madini ya mashimo yasiyokaguliwa yalikuwa yakipewa lebo safi, na ITSCI ikapinga.

Kisha ikaja Rubaya. Machimbo hayo ya Masisi, Kivu Kaskazini, yalitekwa na kundi la waasi la M23 mwaka 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya ushuru wa dola zipatazo 800,000 kwa mwezi, na kwamba koltani ilivushwa hadi Rwanda ikachanganywa na ya huko. Rwanda imekanusha tuhuma za magendo. Uchanganyaji wa namna hiyo, ukifanyika kati ya mchanga wa mkanda mmoja, ndio mgumu kuliko wote kuugundua.

Wapo wanaosema basi tususie madini ya Kongo yote. Siafiki. Rais Kabila alipiga marufuku uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, na walioumia kwanza ni wenye karai.

Swali langu limebadilika. Siulizi tena simu yangu imetoka shimo gani, nauliza nani alichenjua. Hilo lina jibu: kampuni nyingi huweka majina ya wachenjuaji wao mwishoni mwa ripoti ya kila mwaka, wazi kwa yeyote. Wa tantalamu ni makumi machache tu duniani. Orodha yao nimeimaliza kwa kikombe kimoja cha chai.