Ini likichanika si lazima upasuliwe

Mtu akipigwa teke la tumbo na punda hapa Lamu, au aanguke mnazini, siti skani ikionyesha ini limechanika utaskia barazani, "mbona hawampasui, wangoja afe?" Zamani ilikuwa hivyo kweli, manake kabla ya skani daktari hangejua kuna nini ndani bila kufungua tumbo. Siku hizi wengi hawapasuliwi kabisa. Presha ikiwa imetulia na matumbo hayajatoboka, damu ya ini mara nyingi huganda na kujiziba yenyewe, na ukifungua waweza kung'oa lile bonge lililoziba damu ianze upya. So analazwa, presha na mapigo yachekiwa kila saa, wingi wa damu wapimwa tena na tena, yaani si kwamba ametupwa tu pale kitandani. Presha ikizidi kushuka hata baada ya kuongezwa damu, hapo ni thieta mbio: ini labanwa kwa vitambaa vingi, vyaachwa humo humo, halafu siku moja mbili anarudishwa vitolewe. Na jamani, msimkande tumbo kabla hajafika hospitali.