Je, wajua kwa nini mtaa uliopimwa vizuri unaweza kukosa daladala?

Barabara kuu ya Kigoma kwenda Ujiji, hasa kipande cha Mwanga, Hiace zinapishana. Ukiingia viwanja vipya pembezoni mwa manispaa, unakuta nyumba nzuri na nafasi tele, lakini anayekwenda sokoni anaita bodaboda.

Wengi hulaumu kukosekana kwa lami. Lami ina mchango wake, hasa masika maji yanapokata njia. Lakini daladala hupita kwenye vumbi na makorongo mradi vichwa, yaani abiria, vipo. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa leseni ya ruti, haitoi abiria, na jioni dereva anadaiwa hesabu na tajiri wake, mwenye gari.

Vichwa huamuliwa tangu kwenye ramani. Tuseme watu wako tayari kutembea mita 400 hadi kituoni, kama dakika 5. Duara hilo ni hekta 50. Ila mtu hapiti juu ya mapaa: mitaa ikikatana kwa pembe mraba, wanaoweza kukifikia kituo kwa mita hizo wanabaki kwenye hekta 32. Kama asilimia 60 ya eneo hilo ni viwanja vya mita za mraba 400, hapo kuna nyumba 480. Vikiwa vya mita za mraba 1,600, nyumba ni 120. Haya ni makadirio tu, na milima ya Kigoma hufupisha zaidi hizo mita 400.

Kisha kuna njia isiyotokea upande wa pili. Muuza dagaa akipita mtaa unaotokezea, kila hatua ana mteja mpya. Mtaa ukiishia ukutani, anarudi akipiga kelele kwa waliokwisha kununua. Hiace nayo ikiingia kilomita 1.5 na kurudi, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa imepoteza dakika 9, huku abiria wa Ujiji wakinung'unika. Mwisho wa njia nao unahitaji mita 10 hadi 12 za kugeuzia.

Ndiyo maana makazi yasiyopimwa, yaliyobanana kando ya barabara kuu, mara nyingi yana usafiri mzuri kuliko majirani wao wenye hati. Gari haliingii ndani, lakini vichochoro vyote vinamwaga watu kituoni.

Wapimaji wanaweza kuacha kichochoro cha mita 3 kati ya viwanja, na baadhi ya ramani zinavyo. Tatizo huanza pale jirani anapojenga ukuta hadi kwenye bikoni, jiwe la mpaka, ya mwenzake.