Gari Lina Kwikwi Kwenye Foleni? Pima Sensa ya Throto Kabla ya Kwenda Gerezani

Mama mmoja mwenye duka la vitambaa Kariakoo alituletea Corolla yake ya zamani hapa karakana ya chuo, mkononi kashika kimfuko cha khaki. Ndani mlikuwa na sensa mbili za throto. Ya tatu ilikuwa tayari imefungwa kwenye gari. "Mwalimu," akaniambia, "mimi sasa Gerezani, kwenye maduka ya spea, wananijua kwa jina, ila gari ndiyo hilo."

Nikamwomba asimulie tangu mwanzo, maana ugonjwa wa gari, kama wa mtoto, mara nyingi dawa yake iko kwenye maelezo ya mama. Gari lilioshwa injini kwa mashine ya presha. Siku chache baadaye silensa (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) ikaanza kupanda yenyewe, na kila akipita kwenye tuta taa ya cheki injini inawaka kisha inazima. Fundi wake akaunganisha kiwaya kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, akahesabu taa inavyopepesa: mara nne, kimya, mara moja. Kwenye Toyota za umri ule hiyo ni kodi namba 41 (kodi ya kompyuta ya gari, yaani namba ya hitilafu, siyo ile ya TRA), yaani sakiti, njia nzima ya umeme, ya sensa ya throto. Fundi alisoma sawasawa. Kosa lilianza pale alipolisikia neno "sakiti" akalitafsiri "sensa".

Sensa hiyo, ambayo gereji nyingi huiita TPS, imekaa kwenye throto bodi (lango la hewa ya injini), kwenye ncha ya ule mhimili unaozungusha kisahani cha kupitisha hewa. Zile za kawaida zina kipande chembamba chenye rangi ya kaboni na kidole cha chuma kinachotambaa juu yake. Ukikanyaga mafuta, kisahani kinafunguka, kidole kinatambaa, na volti inayorudi kwenye kompyuta inapanda. Kompyuta inatumia volti hiyo kujua mguu wako unataka nini: nozeli zimwage petroli kiasi gani, plagi ziwake saa ngapi, na kwa gari la otomatiki, gia ibadilike lini. Ndiyo maana sensa ikiharibika, watu wengine hukimbilia kufungua gia boksi iliyo nzima kabisa. Nimeshaona zaidi ya mara moja, na inauma.

Kwa kawaida sakiti ina waya tatu: wa volti 5 kutoka kompyuta, wa ethi (yaani wa hasi), na wa ishara. Kodi ikisema sakiti ina tatizo, watuhumiwa ni waya zote tatu, soketi, sensa na kompyuta yenyewe. Kwenye magari ya mfumo wa kisasa zaidi, kodi inakusaidia kidogo. P0122 ina maana ishara iko chini mno, P0123 iko juu mno, P0121 ishara hailingani na hali halisi ya injini, na P0124 inakuja na kupotea. Hata hizo zinakuelekeza mtaa tu, nyumba utaitafuta mwenyewe kwa mita ya kupimia volti.

Tulianza na ethi, ambayo wengi huiruka. Swichi ya ufunguo iwe imewashwa, injini imezimwa, soketi ikiwa imechomekwa mahali pake. Ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine ichokonoe kwa nyuma ya soketi hadi iguse pini ya ethi. Mita isome karibu na sifuri, isizidi volti 0.1. Kwa mama yule ilisoma 0.4, na mwanafunzi alipotikisa waya ikaruka mpaka juu. Tukachomoa soketi: pini ya ethi imeota kutu ya kijani, ile rangi ya sarafu iliyookotwa ufukweni. Maji ya presha yalipenya, hewa yetu ya chumvi ikamalizia.

Tazama kutu hiyo ilivyofanya kazi. Ethi ikiwa mbovu, ishara yote inanyanyuka. Sensa inapotaka kusema 0.6, yaani mguu umepumzika, kompyuta inasikia 0.9 au 1, na inaamini dereva amekanyaga kidogo. Silensa inapanda. Gari likiruka tuta, ethi inakatika kabisa kwa sekunde moja, ishara inakimbilia volti 5, taa inawaka. Hakuna sensa ya Gerezani inayoweza kutibu hilo. Tulisafisha pini, tukaikaza, tukaweka grisi ya umeme, kazi ikaisha.

Lakini alikuwa na lalamiko la pili. Sensa ya kwanza aliyonunua ilipofungwa, gari likaanza kupiga kwikwi kwenye foleni ya Buguruni: anagusa mafuta, gari linasita, halafu linastuka mbele. Barabara ya Mandela ikifunguka, akiongeza mwendo, shwari. Fundi akaitoa, akafunga ile nyingine, kwikwi ikaisha, ugonjwa wa mwanzo ukabaki. Basi tukaifungua ile sensa ya kwikwi mezani. Kipande cha kaboni kilikuwa kimechubuka hadi kung'aa, lakini mwanzoni tu mwa njia, sehemu isiyofika upana wa kucha ya kidole kidogo. Kwingine kote kilikuwa kama kipya.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji wa Dar es Salaam asimame kidogo. Mguu wako kwenye foleni hauendi mbali. Kuanzia Ubungo hadi Magomeni asubuhi, kisahani cha throto kinafunguka kidogo na kufunga, kidogo na kufunga, mamia ya mara. Kidole cha sensa kinasugua palepale. Sensa huchakaa pale mguu unapoishi. Sasa spea ya mtumba nayo imetoka kwenye gari lililokaa kwenye foleni za kwao Japani, kwa hiyo mara nyingi imechakaa mahali palepale. Ile sensa yake ya asili, iliyokuwa imelala kwenye kimfuko, tuliipima kwa ukinzani na ikatambaa vizuri bila kuruka. Alikuwa ametoa nzima akaweka mgonjwa.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha ishara kifanywe polepole, hasa mwanzoni. Swichi imewashwa, injini imezimwa, ncha ya mita kwenye waya wa ishara. Kisahani kikiwa kimefungwa, magari mengi husoma kati ya volti 0.4 na 0.9; kikifunguka chote, kati ya 3.5 na 4.7. Kila kampuni ina namba zake, kwa hiyo angalia kitabu cha gari lako. Namba za mwanzo na mwisho zinaweza kuwa safi kabisa huku katikati kuna shimo. Kanyaga kama unamwamsha mtoto aliyelala, ukitazama volti inavyopanda. Ikishuka ghafla au kuruka hata mara moja, sensa imekwisha. Mita ya zamani yenye mshale huonyesha mruko huo vizuri kuliko ya namba, ambayo inachelewa kusoma. Usiitupe ile ya babu yako.

Ikiwa waya wa volti 5 hauna kitu, usihukumu kompyuta bado. Kwenye magari mengi volti hiyo inagawiwa sensa zaidi ya moja, na sensa nyingine ikipiga shoti inaizima kwa wote. Chomoa moja moja huku mita ikiwa imeunganishwa. Volti ikirudi, umemkamata mwizi. Na fuata waya kwa mkono hadi mwisho. Panya wa mjini hapa wanapenda joto la injini usiku.

Jambo dogo linalowatia watu hofu: ukiunganisha kipimo kwenye simu na kuona throto inasoma asilimia 14 wakati hujakanyaga, hiyo ni kawaida. Ni volti 0.7 ikigawanywa kwa 5. Na gari likisita siyo lazima iwe sensa hii. Throto bodi yenye masizi, hosi iliyopasuka baada ya ea klina (kichujio cha hewa), au pampu ya mafuta iliyochoka huleta dalili zinazofanana. Mita itakutenganishia.

Magari yasiyo na waya wa kuvutia throto yana hadithi yake. Humo kuna ishara mbili kwa pamoja ili moja imchunge mwenzake. Kwenye Toyota nyingi zote hupanda, ila ya pili huanzia juu ya volti 2. Kampuni nyingine moja hupanda wakati nyingine inashuka. Zisipokubaliana, kompyuta huandika P2135 na kulinyima gari nguvu kwa makusudi. Usiingize kidole wala bisibisi kwenye kisahani hicho swichi ikiwa imewashwa, kwa sababu mota inaweza kukifunga ghafla, na ukikilazimisha unavunja meno ya gia za plastiki ndani. Mwambie mwenzako akanyage pedali. Ukiisafisha, jua kwamba Nissan nyingi zitapandisha silensa hadi zifundishwe upya kwa mashine, na fundi asiyelijua hilo atakuuzia throto bodi nzima.

Nguvu ikikatwa ukiwa barabarani, weka indiketa, sogea kushoto taratibu, simama, zima injini na uwashe tena. Mara nyingi litarudi kwa muda, wa kutosha kufika gereji. Waombe wakuandikie namba za volti walizopima, kabla hawajakuandikia jina la spea.