Shokapu ya stelingi haitibu mtikisiko

Stelingi ikianza kutikisika, badilisha shokapu yake: ushauri huu umezunguka gereji miaka mingi, hasa kwa magari yenye ekseli nzima mbele (bomba moja linalounganisha magurudumu mawili), kama Land Cruiser 70 na Suzuki Jimny. Si sahihi. Shokapu hiyo kazi yake ni kutuliza mishtuko inayotoka kwenye magurudumu. Ukifunga mpya, inaficha tatizo kwa muda, huku kilicholegea kikiendelea kulika.

Anza na matairi, maana ni rahisi: balansi, upepo, tope lililogandia ndani ya rimu. Kisha, gari likiwa limesimama kwa matairi yake, mwenzako azungushe stelingi kidogo kushoto na kulia, nawe uchungulie chini. Tazama ile fimbo ndefu iliyokingama, inayounganisha ekseli na chasisi (fimbo ya Panhard). Ncha yake ikicheza kwenye bolti, bushi (mpira wa kwenye ncha hiyo) imekwisha au bolti imelegea. Kagua na ncha za tairodi, yaani fimbo inayogeuza magurudumu.

Sasa piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, shuku beringi za kingipini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona. Hizi husahaulika mno, na inasikitisha, kwa sababu ndizo chanzo cha kesi nyingi za Jimny. Kwenye Land Cruiser mkazo wake hurekebishwa kwa vibati vyembamba, na fundi makini hupima kwa mizani ya kuvuta, habahatishi kwa mkono.

Mtikisiko ukikukuta barabarani, punguza mwendo taratibu hadi utulie.