Je, wajua kwa nini mgombea mpya wa ubunge Uganda huhesabu vijiji kabla ya kunadi sera?

Vijijini Uganda, mwaka mmoja hivi kabla ya uchaguzi, huanza kuonekana mtu asiye na cheo chochote ambaye hakosi msiba, hakosi harusi, hakosi kikao cha chama cha akiba. Hana bango wala gari la vipaza sauti. Baadaye jina lake linatokea kwenye karatasi ya kura. Watu wa mjini huuliza: mbona asiite mkutano mmoja mkubwa uwanjani, akamwaga sera zake na kurudi nyumbani? Hawezi, na sababu ya kwanza ni hesabu tupu.

Uganda ina vijiji zaidi ya 70,000, na kila kijiji kina baraza lake, LC1, lenye mwenyekiti. Juu yake kuna muluka (LC2), gombolola (LC3), kaunti (LC4) na wilaya (LC5). Mfumo huu ulizaliwa na mabaraza ya vita vya msituni vya miaka ya 1980, na mpaka leo mwenyekiti wa LC1 ndiye anayeandika barua ya utambulisho, anayesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba na anayejua nani amehama, nani amefariki. Chukua jimbo la mfano lenye gombolola 6, miluka 35 na vijiji 260. Kampeni rasmi za ubunge huchukua takriban siku 60. Toa Jumapili, Krismasi na Mwaka Mpya, toa siku za mvua ambazo barabara ya udongo haipitiki, zinabaki siku 45 za kazi. Hiyo ni karibu vijiji 6 kwa siku.

Sasa ingia ndani ya siku yenyewe. Sheria inaruhusu mikutano ya kampeni kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, lakini saa 1 asubuhi mkulima yuko shambani. Anarudi mchana, anakula, anaoga, na watu wanaanza kujaa chini ya mwembe kwenye saa 8. Zimebaki saa nne za kugawana vijiji sita, yaani dakika 40 kwa kijiji kimoja, pamoja na safari. Ukitoa mwendo na salamu, mgombea ana dakika 20 mbele ya watu ambao hawajawahi kumwona. Mbunge anayetetea kiti anaweza kumudu hilo kwa sababu jina lake linajulikana. Mgeni hawezi. Ndiyo maana hufanya kazi ya kujulikana miezi mingi kabla, ili zile dakika 20 ziwe za kukumbusha tu.

Na kwa anayepitia chama, muda ni mfupi zaidi. NRM, chama tawala, ilifanya mchujo wake wa wabunge Julai 17, 2025, kwa wanachama kupanga mstari kijijini, ilhali uchaguzi mkuu ulikuwa Januari 15, 2026. Asiyekuwa amevifikia vijiji kufikia Julai alikuwa amekwisha, au alibaki na njia moja: kugombea kama mgombea binafsi. Njia hiyo si ya mzaha. Bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge binafsi zaidi ya 70.

Kabla ya hodi ya kwanza, kuna karatasi. Mgombea ubunge anahitaji elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo, ada ya uteuzi ya shilingi milioni 3 isiyorudishwa, na wapiga kura 10 waliosajiliwa katika jimbo hilohilo wa kumpendekeza. Wenye akili huleta 20, kwa sababu daima kuna mmoja au wawili ambao kadi zao zinasoma jimbo la jirani. Mwalimu, daktari au mtumishi yeyote wa umma lazima awe amejiuzulu angalau siku 90 kabla ya siku ya uteuzi. Anayedhani likizo inatosha hujikuta nje. Kinachowaponza wengi zaidi ni majina. Cheti cha shule kinasema hivi, kitambulisho cha taifa kinasema vile, daftari la wapiga kura limekosa jina la katikati. Hilo hurekebishwa kwa kiapo na hati mapema. Ukiliacha, mpinzani atalipeleka mahakamani baada ya wewe kushinda.

Tukija kijijini: hodi hupigwa kwa mwenyekiti wa LC1, tena kwa simu, siku mbili kabla. Siku yenyewe mgombea huenda na watu wawili, mmoja wao mzaliwa wa kijiji hicho, kwa pikipiki. Msafara wa magari matatu katika ziara ya kwanza unatangaza kitu kimoja tu, kwamba kuna pesa, na kuanzia hapo hakuna mazungumzo mengine. Ukifika unakaa, unakunywa ulicholetewa, unajieleza kwa mpangilio unaoeleweka: baba yako nani, mama yako alitoka wapi, mji wenu uko upande gani wa kilima, umeoa au umeolewa wapi. Sera hazijaguswa bado. Mwenyekiti anatafuta uzi wa kukuunganisha na mtu anayemjua, na ukiukosa huo uzi utabaki kuwa mtu wa Kampala hata kama ulizaliwa kilomita 5 kutoka pale.

Hapa pana mtego ambao wageni wengi hawauoni. Wenyeviti wa LC1 walichaguliwa Julai 2018, kwa mara ya kwanza tangu 2001, na kura yao haikuwa ya siri: watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Kijiji kizima kinakumbuka nani alisimama nyuma ya nani. Kwa hiyo ukimkumbatia mwenyekiti hadharani, umepata mstari wake na umerithi pia uhasama wa mstari wa pili. Dawa yake ni kumwomba mwenyekiti ruhusa na baraka, kisha kutafuta mratibu mahali pengine kabisa: mweka hazina wa kikundi cha akiba, kiongozi wa kwaya, mkunga wa siku nyingi, mwenye kinu cha kusaga. Waratibu wawili kwa kijiji wanatosha, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wasiwe wa ukoo mmoja na ikiwezekana wasiwe wa dhehebu moja. Siasa za Uganda zimebeba mgawanyiko wa Wakatoliki na Waprotestanti tangu enzi za vyama vya DP (cha Wakatoliki) na UPC (cha Waprotestanti), na kijiji chenye kanisa mbili na msikiti hakiwezi kusikilizwa kwa sikio moja.

Mratibu huombwa orodha ya watu 30 anaoamini watakupigia kura, na mbele ya kila jina kituo chake cha kupigia kura. Safu hiyo ya kituo ndiyo kipimo. Orodha za kubuni huwa na majina mazuri yaliyoandikwa kwa kalamu moja, ila vituo havipo au vyote ni kimoja. Linganisha na daftari la Tume ya Uchaguzi. Jina lisilomo daftarini si kura, hata mwenyewe akiimba jina lako usiku kucha. Wilaya zenye makambi ya wakimbizi, kama Kiryandongo au Yumbe, zinahitaji uangalifu zaidi: mkimbizi anahudhuria mkutano, anapiga makofi, anauliza maswali mazuri kuliko wote, lakini hapigi kura.

Msiba ni jambo la peke yake. Kijijini mazishi huwakusanya watu wa vijiji kadhaa bila wewe kulipia hata kiti kimoja, ndiyo maana wanasiasa hawakosi. Lakini kuna utaratibu. Mgombea hufika mapema, hutoa pole kwa wafiwa ndani, huandika jina katika daftari la rambirambi (Buganda mchango huo huitwa mabugo), kisha hukaa na watu wengine. Kigezi na Ankole, kusini-magharibi mwa nchi, vipo vikundi vya engozi, vilivyoanza kwa kubeba wagonjwa kwa machela na kuzika wafu. Mgombea ambaye familia yake imelipa michango ya engozi miaka yote ana msingi ambao hakuna bango litakaloununua. Akikaribishwa kusalimia, dakika mbili zinatosha: jina, uhusiano na marehemu, pole. Neno kura halitamkwi. Anayelitamka husikia miguno, na miguno hiyo hufika kijiji cha tatu kabla hajafika yeye.

Kampeni zikishaanza, suala la mchango linageuka. Sheria ya uchaguzi wa wabunge inakataza mgombea kuendesha harambee au kutoa michango wakati wa kampeni, na kumpa mpiga kura fedha au zawadi ili akuchague ni kosa la jinai linaloweza pia kufuta ushindi. Sabuni, chumvi na kilo ya sukari, zile zile ambazo watu wanazitegemea, ni ushahidi wa bei rahisi kabisa kwa mpinzani mwenye simu ya kupiga picha. Chakula katika kikao cha kupanga kampeni kimeruhusiwa. Kugawa sukari mkutanoni hakuna kinga hiyo. Ni kweli wengi wanagawa. Mgeni asijifariji kwa hilo: akishinda, atakayeburuzwa mahakamani ni yeye.

Lugha nayo hupangwa kwa mahali. Bweyale, Busia, Arua mjini, mpakani Bwera, Kiswahili kinafika kwa wote kwa sababu sokoni hakuna kabila moja. Ukiingia ndani ya Buganda mambo ni tofauti. Wazee wengi walikisikia zaidi kwa askari, na Idi Amin kukitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukukiongezea mapenzi. Huko, salamu ndefu ya Kiganda yenye makosa inapokelewa vizuri kuliko hotuba safi ya Kiswahili. Mkalimani kutoka kijiji hichohicho ni bora kuliko wa kutoka mjini, kwa sababu atakunong'oneza pia ni neno gani uliache.

Maswali ya mkutanoni yanatabirika. Kisima, barabara, dawa zahanati, na tangu 2022, PDM. Mpango huo wa maendeleo wa muluka, uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, unapeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila muluka, na kaya hukopeshwa milioni 1. Kila mkutano atakuwepo mama anayeuliza kwa nini jina lake halikutoka. Mgombea anayeahidi kuliingiza amejichongea, maana mbunge haandiki orodha hiyo. Inashughulikiwa na chama cha akiba na mikopo cha muluka. Jibu linaloheshimiwa linaeleza hatua: kikundi gani cha kujiunga nacho, nani wa kumwona mulukani, na nini mbunge anaweza kukihoji Bungeni. Barabara za ndani ni za gombolola na wilaya. Kusema hivyo hakufurahishi umati, ila miaka mitano ni mingi ya kukwepa watu uliowaahidi lami.

Halafu kuna pesa, ambazo karibu kila mgeni humaliza mapema mno. Hula nyingi kwenye fulana, redio na mafuta ya wapambe. Pikipiki ya cc 100 inakwenda kilomita 40 au zaidi kwa lita, kwa hiyo mratibu anayeomba lita 5 kuzunguka kijiji kimoja anauza nyingine, hesabu ni hiyo. Toa mafuta kwa umbali, tena kwa stakabadhi ya kituo cha mafuta badala ya fedha mkononi. Fungu la siku ya kura litengwe siku ya kwanza kabisa na lisiguswe.

Fungu hilo ni la mawakala. Sheria inamruhusu mgombea mawakala wasiozidi wawili kila kituo. Vituo 150 ni watu 300, wenye kula, nauli na salio la simu. Asichaguliwe mpiga kelele. Anatakiwa mtu anayesoma, anayejumlisha na asiyetoka kituoni kwenda kutafuta chai saa 9. Kura hupigwa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, aliyekwisha kupanga foleni bado anapiga, kisha kuhesabu huanza papo hapo hadharani, na mara nyingi giza hukuta kazi haijaisha. Kila wakala apewe tochi na simu iliyojaa chaji. Fomu ya matokeo ikijazwa, aisome tarakimu na maneno, aangalie kama msimamizi wa kituo ametia saini, ndipo asaini naye na kuchukua nakala. Mahakama huchukulia saini ya wakala kuwa mgombea amekubali idadi ile. Kama kuna kasoro aiandike palepale.

Nakala zote zifike mahali pamoja usiku huohuo, zikipangwa kwa gombolola na muluka. Siku 30 za kufungua kesi Mahakama Kuu huhesabiwa tangu matokeo yachapishwe katika gazeti la serikali, na nakala hizo ndizo wakili atakazoziomba kwanza.