Hali ya bahari na ukuaji wa mwani wa hadubini

Mwani wa hadubini ni viumbe wa chembe moja wanaoelea majini na kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Kwa macho huwaoni mmoja mmoja, lakini karibu nusu ya usanisinuru (utengenezaji huo wa chakula kwa nuru) wote duniani hufanywa na viumbe wa namna hii baharini. Wakisemwa wanakua, maana yake wanaongezeka: chembe moja hugawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne. Hali ikiwaridhia, aina nyingi hugawanyika mara moja au zaidi kwa siku.

Hali hiyo ni ipi? Wa kwanza kutajwa huwa ni mwanga. Katika maji maangavu ya bahari kuu nuru hufika hadi mita 200 hivi, katika maji ya tope haizidi mita chache. Ila jua kali mno nalo huharibu mfumo wa usanisinuru ndani ya chembe, kwa hiyo juu kabisa ya maji si lazima pawe mahali bora.

Kwenye joto ndipo wengi wanapokosea. Ni kweli kwamba joto likipanda ugawanyikaji huharakishwa, mpaka kwenye kikomo cha kila aina; likipita hapo, ukuaji huporomoka ghafla. Lakini haifuati kwamba bahari yenye joto ina mwani mwingi. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu ya maji baridi na mazito bila kuchanganyika nayo, na virutubisho vingi viko huko chini. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya bahari za tropiki ina maji ya buluu safi: rangi hiyo nzuri ni dalili ya njaa. Palipo na upepo unaosukuma maji ya juu na kuyavuta ya kina kirefu yapande, bahari huwa ya kijani na samaki hujaa.

Virutubisho vyenyewe vinahitajika kwa uwiano. Kwa wastani, kwa kila atomu 1 ya fosforasi mwani hutumia 16 za naitrojeni na 106 za kaboni. Daiatomu, kundi moja la mwani huu, huhitaji pia silika, madini ya kioo, ya kujengea maganda yao. Kimoja kikiisha, wingi wa vingine hausaidii kitu. Mwaka 1995 watafiti walimwaga chuma kwenye eneo la Pasifiki ya ikweta lililokuwa na naitrojeni tele lakini mwani haba. Katika siku chache maji yakageuka kijani. Kilichokosekana kilikuwa ni chuma tu, tena kiasi kidogo sana.

Chumvi husumbua zaidi penye mito na mabwawa ya pwani, ambako hupanda na kushuka. Dunaliella salina, aina ya mwani wa maji ya chumvi kali, huihimili kwa kutengeneza gliseroli ndani ya chembe ili isinyonywe maji.

Maabara huonyesha kwa karibu jinsi kukosekana kwa kirutubisho kimoja kunavyosimamisha ukuaji. Naitreti, chumvi inayowapa mwani naitrojeni, ikiisha kwenye chupa iliyo chini ya taa, chembe huacha kugawanyika kwa kukosa cha kujengea protini, lakini nuru bado wanaipokea. Kaboni inayoendelea kuingia huwekwa akiba, katika aina nyingi kama mafuta; kijani hufifia kuwa manjano, na kwenye hadubini matone ya mafuta huonekana ndani ya chembe. Wanaofuga mwani kwa ajili ya mafuta huunyima naitrojeni makusudi, baada ya kuuacha uongezeke vya kutosha.